Wamepanga Choo Chini ya Mlizamu

Jumapili, mwezi wa saba. Upepo wa Singida umeamka kabla yangu na mpaka sasa unavuta mabati ya jiko kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Kanisani sikwenda. Nimetuma neno kwamba magoti yananiuma. Magoti hayaumi.

Kwa aliyefika leo kwenye ukurasa huu: mimi ni bibi, darasani sijakaa hata siku moja. Mimi nasema, na Hepi, binti wa mwanangu, anaandika kwenye simu yake kisha ananisomea. Akipamba namwambia afute. Leo anaandika huku anafuta pua, kwa hiyo kama kuna herufi imeruka, mvumilieni. Machozi yangu mimi yaliisha jana.

Jana nilipelekwa kutalii nyumbani kwangu.

Sina namna nyingine ya kulisema.

Hepi anafanya kazi Dodoma jijini. Ofisini kwao wana kikundi cha kutembea, wanakodi Kosta siku za Jumamosi wanakwenda kuangalia vitu: siku nyingine michoro ya kwenye mapango, siku nyingine ziwa, siku nyingine mawe tu, wanasimama mbele ya jiwe wanapiga picha wanarudi. Safari hii wakasikia kwamba ukipita Ikungi ukaacha lami, kuna Kijiji cha Asili cha Wanyaturu, nyumba za tembe kama za zamani, ngoma, chakula cha mababu, na jioni mtu analala kwake mjini. Hepi akawaambia mwenyekiti wa kile kijiji ni baba yake mzazi, na bibi yake ndiko alikoolewa. Wakasema basi bibi lazima aje.

Baba yake ndiye Ntandu, mwanangu. Ana mvi sasa, ana tumbo, ana wajukuu, lakini kwangu bado ni yule aliyekataa kuacha kunyonya. Yeye na wenzake ndio waliokijenga kile kijiji, mwaka juzi. Kila hatua alikuja kunieleza, na mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Alisema wamejenga kule kwetu kwa zamani, chini ya mlima wa mawe, tulikokaa kabla hatujaambiwa wote tuhamie barabarani kwenye vijiji vipya. Sasa kule kwetu ni kukubwa. Kuna palipokuwa shamba la uwele, kuna palipokuwa kwa jirani, kuna bondeni ambapo ardhi imelala sawa. Nilidhani ni bondeni. Siku ya kufungua nilikuwa naumwa, sikwenda. Nilijua wamejenga kule. Sikujua wamejenga pale pale.

Niungame jambo. Asubuhi ya jana nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilivaa kitenge kipya, kile cha njano. Vijana wa Hepi waliposhuka kwenye Kosta hapa nyumbani wote waliniinamia, shikamoo bibi, shikamoo bibi, mpaka nikachoka kuitikia marahaba. Wembamba watupu. Nikawauliza huko Dodoma serikali imepiga marufuku kula? Nikawajaza karanga mikononi. Msichana mmoja mwenye nywele nyekundu alinishika mkono kunipandisha, na mkono wake ulikuwa baridi, nikauficha chini ya shuka langu njia nzima. Kitoto cha watu.

Ndani ya gari niliimba. Walinipigia makofi. Niliwapenda wote.

Tulipofika, kijana wa kutembeza wageni akaja. Ametoka mjini, ana sauti ya redio. Nilikwenda pale nimejiandaa kumcheka, na sikumcheka. Mengine aliyasema vizuri kuliko ningeyasema mimi. Alieleza tembe inavyoezekwa: nguzo, boriti, fito, majani, halafu udongo juu, paa lililolala kama mkeka, mtoto anaweza kupanda akaanika uwele. Alieleza kwa nini mlango ni mfupi. Alionyesha jiwe la kusagia, akawapa wale wasichana wasage, na wote wakashindwa na wote wakacheka. Mimi nikapiga magoti nikasaga. Wakashangilia kama nimefunga goli. Na mimi, mjinga, nikaongeza mwendo.

Nikaonyeshwa zizi. Zizini kwetu ndiko walikozikwa wenye nyumba, wazee wa kiume, kila mtu wa rika langu anajua. Wamepazungushia mawe yaliyopakwa chokaa, hakuna anayeruhusiwa kukanyaga, na kijana yule alipofika pale alivua kofia na kuteremsha sauti. Baba mkwe wangu yuko pale. Nilisimama nikamsalimu kimoyomoyo. Nikasema moyoni, Ntandu, mwanangu, umefanya kama mtu aliyelelewa.

Ni hapo nilipoinua macho nikaliona jiwe lenye ufa.

Liko juu kidogo ya zizi, kubwa kama nyumba, limepasuka katikati. Kuku wangu wa kwanza alikuwa anataga kwenye ule ufa, na mimi bibi arusi nilikuwa nahangaika kuingiza mkono. Nikiwa mlangoni kwangu, lile jiwe lilikuwa mkono wa kushoto. Nikageuka polepole kuitazama ile nyumba yao mpya ya tembe. Jiwe, mkono wa kushoto.

Haikuwa nyumba yao. Ilikuwa nyumba yangu. Walikuta msingi wa zamani umebaki chini ya majani, wakaona uvivu kuchimba mwingine, wakainua kuta juu yake.

 Nilimshika Hepi bega nikazunguka nyuma.

Sasa hapa naingia kwenye maneno ambayo kwetu hayasemwi mbele ya mwanaume. Hepi ameniuliza niendelee au niache. Naendelea, na sababu utaiona mwisho.

Mtoto akifa kabla hajaota meno, kwetu haliliwi. Hakuna matanga, hakuna mwanaume anayeshika jembe. Wanawake wa nyumba ile wanambeba wenyewe, wanachimba wenyewe, nyuma ya nyumba, pale unapodondokea mlizamu. Mlizamu ni kile kigogo kilichochongwa mfereji, kinatokeza kwenye ukingo wa paa ili maji ya mvua yasikae juu. Mtoto anawekwa pale maji yanapoangukia, ili ardhi yake isikauke. Ardhi yake ikikauka, na tumbo la mama yake linakauka. Halafu juu unalaza jiwe pana ili maji yasichimbe. Basi. Unaingia ndani, unapika. Mume akirudi anakuta mtoto hayupo na jiwe lipo, na haulizi. Kama ni mtu mwema atachinja kuku. Wangu alichinja.

Mimi nina mmoja pale. Wa kike. Alikuwa ameanza kucheka, meno bado. Ni mvua iliyomwua, na homa ya mvua. Ndiye wa kwanza kunifungua tumbo.

Nyuma ya nyumba nililikuta jiwe lake. Limezama kidogo, lakini ni lile lile, kona moja imemeguka. Wasichana wawili walikuwa wamesimama juu yake wanapigana picha, maana pale jua linaangaza vizuri. Yule wa sauti ya redio alikuwa ameshafika akawaambia kwamba juu ya jiwe hilo bibi zetu walikuwa wanafua nguo. Nguo gani, mwanangu? Tulikuwa na nguo ngapi hata tutafute na jiwe la kufulia? Lakini simlaumu. Alijaza alipokuta pako wazi.

Pembeni ya jiwe, vijiti vimechomekwa ardhini na kamba ya manailoni imefungwa mraba. Matofali yamepangwa.

Ntandu akaja ananifuata, anahema, uso wote meno. Mwenyekiti. Alinishika mkono kama mtu anayetaka kumwonyesha mama yake gari jipya.

"Mama, hapa tunaweka choo cha wageni. Cha kisasa, cha kukaa. Fundi anaanza kuchimba Jumatatu."

Nikamwuliza nani alichagua hapa. Akasema wazee. Akasema walifanya kila kitu kwa utaratibu: kabla ya kugusa udongo waliwaita wazee wote wa ukoo, wakawauliza makaburi yako wapi, na wazee wakaonyesha yote, yako zizini, mama umeyaona, tumeyapaka na chokaa. Akanitajia majina ya wale wazee kwa vidole.

Wote wana ndevu.

Nikataka kucheka, wallahi, na mimi ni Mkristo. Wazee hawakudanganya. Wanaume wale walionyesha makaburi yote wanayoyajua. Mila ilifanya kazi yake vizuri kabisa: wanaume hawakuona, hawakuuliza, wakazeeka hawajui. Na walipoitwa kuulizwa, walioitwa ni wao.

Nilikaa chini. Pale pale, kando ya jiwe, miguu nimeinyoosha mbele kama mfiwa. Ntandu akadhani nimezidiwa na jua, akaagiza kiti. Wageni wakakusanyika. Nadhani walifikiri ni sehemu ya maonyesho, maana mmoja alianza kurekodi, na mama mmoja wa kikundi, mtu mzima mwenye miwani, akaniomba kwa adabu sana apige picha na bibi wa asili akiwa amekaa kiasili. Nikamwambia asubiri nife, nikilala sitatikisika, picha itatoka safi. Akacheka. Kisha akaniangalia usoni akaacha kucheka, akawasukuma wenzake wote kwenda mbele ya nyumba. Huyo mama, Mungu ambariki. Jina lake sikuuliza.

Tukabaki watatu, mimi na Hepi na Ntandu. Nikamwambia Kinyaturu, maana Kiswahili kisingenitoka.

"Umesimama juu ya dada yako."

Akatazama viatu vyake. Akashuka kwenye lile jiwe kama limemwunguza. Halafu akasema, mama, mimi sina dada mkubwa. Mimi si ndiye kifungua mimba?

"Wewe ni wa pili."

Mtu mzima yule. Kwenye ukoo anakalishwa kiti cha mbele kwa sababu hiyo, anagawa nyama kwa sababu hiyo, kwenye mahari za wajukuu anaanza yeye kusema kwa sababu hiyo. Nilimwona anatafuta mahali pa kuweka mikono. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, yenye hasira ya mtoto:

"Mbona hukusema, mama?"

"Nani aliniuliza?"

 Upepo ulikuwa unachezea ile kamba ya manailoni, inalia.

Mimi nina hasira, tusifichane. Sina hasira na Ntandu, ingawa nimeshamlaza njaa moyoni tangu jana. Hasira yangu haina uso. Nilinyamaza kwa sababu nilifundishwa kwamba kunyamaza ndiyo kumtunza. Siku tulipohama, malori yanangoja, wanaume wanang'oa boriti za kwenda kujengea kwingine, wanawake wa nyumba ile kila mmoja alijifanya anakwenda kuokota kuni nyuma. Kila mmoja kwa wakati wake. Niliweka kiganja juu ya jiwe, lilikuwa la moto. Nikafunga kuni nikapanda lori. Toka siku ile sikumtaja kwa kinywa, na yeye akakaa salama chini ya majani, akinyeshewa, hakuna aliyemsumbua. Ukimya ulimtunza miaka yote hiyo. Sasa ukimya ule ule ndio unamchimbia choo.

Fundisho lile lilikuwa zuri mpaka walipokuja watu wanaopenda mila zetu.

Waliotuhamisha hawakuyagusa mawe yetu. Walioyagusa ni hawa, watoto wetu, wanaotupenda, wanaovaa shanga, wanaosema tusisahau tulikotoka.

Ntandu alipiga magoti akang'oa kijiti kimoja. Nikashukuru Mungu mapema. Kabla ya cha pili mkono ukasita. Akasema mama, mimi nakuamini, lakini siko peke yangu, kuna kikundi, na wazee walishatoa neno. Wakiambiwa wamekosea watataka shahidi. Nikamwuliza shahidi wa tumbo langu? Akainamisha kichwa. Akasema atawaita wazee wakae Jumatatu asubuhi, fundi hajaanza, na mimi nije na mtu aliyekuwepo.

Aliyekuwepo na yu hai ni mmoja. Nitamfikia.

Yule kijana wa sauti ya redio alikuwa amerudi, sijui alisikia kiasi gani, Kinyaturu anakijua nusu. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, macho yamemlowa kabisa, simu mkononi. Akasema bibi pole. Akasema hili ni jambo kubwa, wageni hawajawahi kusikia kitu kama hiki, wataguswa sana. Akaniuliza mtoto aliitwa nani, ili waandike kibao.

Na Ntandu, mwanangu, akasema, kwa moyo mweupe, kwamba ni kweli. Kibao kizuri. Choo kitahamishwa kule, na hapa wageni watasimama waelezwe.

Nikawatazama wote wawili. Watoto wazuri. Hawana ubaya hata chembe. Mmoja anataka kumwekea dada yake choo, akikatazwa anataka kumwekea wageni. Njia ya tatu, ya kumwacha alale, haikuwajia.

Nikasema jina halipo. Uongo. Lipo. Ni jina la kunyonyeshea, nililompa mimi mwenyewe usiku na mchana nikimwita kwa midomo tu, na hata baba yake hakulijua. Hepi naye ameniuliza leo. Nimemwambia aandike hivi: jina lipo, silitoi.

Tulipoletwa chakula mbele ya nyumba sikula. Ugali wa uwele na mlenda kwenye vyungu, safi kabisa, wageni wakaonja kwa ncha za vidole, kisha wakafungua makopo ya kuku na chipsi walizonunua njiani. Nikiwa pale ndipo nilipotambua kitu kingine. Mlangoni wameweka jiwe pana la kufutia viatu. Watu wote tulilikanyaga tulipoingia. Na mimi, na kitenge changu cha njano, nililikanyaga.

Halikuwa la mlangoni. Nalijua lilikotoka. Nyuma ya nyumba palikuwa na mawe matatu; leo yamebaki mawili.

Nikamwita Ntandu nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia alibebe alirudishe nyuma, kushoto kwa lile la dada yake, hatua chache. Akauliza hili nalo la nani. Nikamwambia abebe kwanza. Akavua saa yake akampa Hepi, akainama na tumbo lake, akalinyanyua lile jiwe kifuani, shati lote vumbi, akazunguka nalo nyuma bila kuomba msaada, wageni wakimwangalia mwenyekiti amekuwa kuli. Akalilaza taratibu kama analaza mtu. Hakuuliza tena.

Kwa hilo nimemsamehe nusu. Nusu nyingine bado naitafuna.

Jioni, Kosta ilipokwisha kuondoka na Hepi akabaki nami, tulimpigia simu Zaituni. Yuko Sepuka, kwa mwanawe. Zaituni ni mke mwenzangu, mkubwa wangu. Mimi nilibatizwa, yeye akasilimu, mume wetu hakwenda popote. Tumegombana na yule mwanamke kwa kila kitu ambacho wanawake wawili wanaweza kugombania chini ya paa moja: mwanaume, chumvi, maziwa, zamu. Aliwahi kunimwagia maji ya mlenda. Lakini siku ile ya mvua ni yeye aliyeshika jembe, maana mikono yangu ilikuwa haifungi. Alichimba, akanisukuma nikae pembeni, akamlaza yeye. Alijua kulaza. Alikuwa amekwisha laza wawili wake pale pale.

Macho yake yameisha sasa, lakini masikio na ulimi viko. Nilimweleza yote: nyumba, vijiti, choo, wazee, shahidi. Hepi akaangalia simu kama imekatika. Kisha Zaituni akaanza kunitukana. Nimefungua kinywa mbele ya mtoto wa kiume. Nimevua nguo za nyumba nzima. Miaka yote tumekaa kimya, leo nimezeeka akili imenitoka kama maji kwenye kibuyu kilichotoboka. Nikamwacha atukane. Ana haki. Na mimi nilikuwa nangoja lile swali, nalijua linakuja, nalo likaja, kwa sauti ndogo.

"Wangu umewataja?"

Nikamwambia hapana. Wake si wangu wa kutaja. Sikumwambia habari ya jiwe la mlangoni. Nitamwambia nikiwa nimemshika mkono, si kwenye simu.

 Nikasikia kuku wa huko kwao, mtoto analia, maisha ya watu.

"Wataje," akasema. "Nimechoka kuwabeba peke yangu."

Ndiyo maana nimemwambia Hepi aandike. Nilisema sababu utaiona.

Basi nawataja. Nyuma ya ile nyumba kuna watoto watatu. Mmoja wangu, wa kike. Wawili wa Zaituni, wote wa kiume, walifuatana. Mama mkwe wetu naye kama ana wake pale, hakutuambia, na hatukumwuliza, na amekwenda nao. Ona jinsi inavyokuwa. Hata sisi hatukuulizana.

Na wewe unayesoma hapa, uliyekuja kutafuta mambo ya zamani, nina neno na wewe. Unataka kujenga, unataka kuchimba, unataka kuonyesha wageni kwenu: umeshawauliza wazee, vizuri. Sasa nenda jikoni. Kaa chini, menya karanga, usishike simu. Mwulize bibi yako mlizamu ulikuwa unadondokea wapi. Atakuambia kwa nini unauliza mambo ya kijinga. Usiondoke. Menya karanga.

Usipofanya hivyo utajenga choo juu ya shangazi yako, kisha utapaka chokaa.

Kitu kingine kilichoniuma, nimekiona nikiwa naondoka. Ile nyumba mpya haina mlizamu. Chini ya udongo wa paa wameficha mabati, maji yanashuka upande wa mbele, yanaingia kwenye tangi. Ni akili nzuri, sikatai, maji huku ni taabu. Lakini nyuma pamekuwa pakavu. Udongo umepasuka kuzunguka mawe. Miaka ya majani walinyeshewa na mvua ya Mungu moja kwa moja. Sasa kuta zimesimama, na upenu unawakinga.

Wamewekewa paa na wamekufa kiu.

Kesho ndiyo Jumatatu. Mtoto wa Zaituni atamleta kwa bodaboda, nimeshamwambia amfunge na khanga mgongoni kama mtoto maana akianguka nitamla nyama. Wazee watakuja na fimbo zao watakalia viti. Sisi wawili tutakaa chini, kule nyuma, miguu mbele, na wenye kutaka ushahidi watazunguka wenyewe watufuate. Wakisema kibao, nitasema hapana. Wakisema choo, fundi atachimba akitupitia sisi. Sijui watasema nini. Wanaume wamezoea kuamua wasichokijua.

Nimemwambia Zaituni nitabeba ndoo ya maji. Kutoka kisimani mpaka pale ni kupanda, na magoti haya ambayo leo niliyasingizia, kesho yataniuma kweli. Acha yaume.

Yeye akasema ile kata yangu ya plastiki ya kuchotea maji niiache nyumbani. Atakuja na kata ya kibuyu, ile ya mama mkwe, kumbe alikuwa nayo. Miaka yote nilimtuhumu kuiiba, na aliiiba kweli.

Nitachota, yeye atamwaga. Kushoto wawili, kulia mmoja.